Soda ya Mkuu Imepungua Sukari

Jumatatu, 3 Machi

Nafasi iko wazi! Mzee wetu wa Biolojia amestaafu leo. Ameaga kwa hotuba fupi na keki kubwa, na kiti cha Mkuu wa Idara ya Sayansi hakina mtu. Kiti chenyewe kinazunguka. Nilikikalia kidogo wakati wenzangu wanagombea keki. Nikazunguka kulia, nikazunguka kushoto. Kinanienea.

Mkuu wa shule ametangaza kwamba atakaa nyuma ya darasa na kutazama kipindi kimoja cha kila mwalimu anayetaka nafasi hiyo. Tunaoitaka tuko wawili: mimi wa Kemia, na Fizikia. Fizikia ana jina lake alilopewa na wazazi, lakini sioni sababu ya kulipotezea wino. Yeye atafundisha Jumatano, mimi Alhamisi. Safi kabisa! Wa mwisho ndiye anayekumbukwa.

Nikarudi nyumbani miguu haigusi chini. Mke wangu akainua macho kutoka kwenye cherehani, akaniuliza habari za kazi. Nikamwambia nafasi nimeipata. Sijui hata maneno yale yalitoka wapi! Nilitaka kusema nimekaribia kuipata, ulimi ukateleza. Alipiga kigelegele mpaka jirani akachungulia dirishani. Sasa ananishonea koti jipya jeupe la maabara, na juu ya mfuko atatarizi MKUU WA IDARA kwa uzi wa bluu. Ameshampigia mama yake simu. Mama mkwe naye ameshawapigia dada zake wote, na mmoja wao ameniombea dua ndefu kwenye simu huku nikiitikia amina.

Nilifikiria kusema ukweli. Nilifikiria kwa muda wa nusu kikombe cha chai, kisha nikaona bora kuipata hiyo nafasi yenyewe, mambo yaishe.

Mada nimeshachagua: kupima sukari kwenye soda. Si bure. Mkuu wetu hunywa soda ya machungwa kila mapumziko, nyuma ya pazia la ofisi, kwa sababu mkewe amempiga marufuku vitu vitamu. Ukimkuta anaapa kwamba ile si soda bali ni matunda, na kwamba sukari yote duniani imo kwenye soda nyeusi. Sasa fikiria: wanafunzi wangu wapime mbele yake, waonyeshe kwa sayansi kwamba soda ya machungwa ndiyo yenye sukari kidogo kuliko zote. Atanikumbatia! Ni kumvika kilemba cha ukoka, nakubali, lakini kilemba hiki kimepimwa maabara.

Jumanne, 4 Machi

Balaa.

Nimefanya majaribio ya awali peke yangu, mlango nimeufunga. Njia ni rahisi. Unatengeneza maji ya sukari ambayo kiasi chake unakijua: kidogo, cha kati, kingi. Unatumbukiza haidromita, kile kijiti cha kioo chenye tumbo zito. Sukari ikiwa nyingi, kinaelea juu. Ikiwa kidogo, kinazama. Unachora mstari kwenye grafu, halafu soda yoyote ukiitumbukizia kijiti hicho, grafu inakwambia sukari yake. Hata Fizikia angeweza.

Soda nilizozipima zilikuwa zimekaa wazi tangu jana, maana nilikuwa nazionja. Ya ndimu: gramu kumi kwa kila mililita mia. Nyeusi: kumi na moja. Ya machungwa: kumi na mbili! Nikapima tena. Kumi na mbili. Nikafuta haidromita, nikaisemesha kwa upole, nikapima mara ya tatu. Kumi na mbili, na lebo ya chupa nayo inasema hivyo hivyo. Matunda ya Mkuu ndiyo yenye sukari kuliko yote!

Nilikaa kwenye stuli nikiwa nimeshika tama. Kubadilisha mada siwezi, nimeshamwambia, na ameshasema anasubiri kwa hamu. Ndipo wazo likanijia. Ikiwa soda ina sukari nyingi, dawa yake ni kupunguza! Nusu soda, nusu maji. Si maji ya bomba lakini, Mkuu ataona haina gesi. Maji ya gesi, yale ya dukani yasiyo na ladha. Kumi na mbili ukigawa kwa mbili ni sita. Hesabu ya darasa la tatu.

Jioni nikaifanya jikoni. Nikafungua chupa mpya taratibu, nikamwaga nusu (nikainywa), nikajaza maji ya gesi. Rangi ikapauka kama shati lililofuliwa sana. Nikatia matone ya rangi ya keki ya mke wangu. Ikawaka! Kasoro ni kwamba vidole vyangu navyo vimewaka, na sabuni haifui dafu. Kifuniko nimekirudisha, na ile pete yake ya plastiki iliyokatika nimeigandisha kwa gundi ya viatu. Ukiitazama kwa mbali, ni mpya kabisa.

Mke wangu aliingia akauliza kulikoni jikoni kwake kunanuka duka la fundi viatu. Nikamwambia ni mambo ya idara. Akatabasamu, akarudi kutarizi. Ameshafika kwenye herufi ya U ya kwanza.

Jumatano, 5 Machi

Kipindi cha Fizikia. Nilikaa nyuma pamoja na Mkuu, nikiwa na uso wa mtu anayemtakia mwenzake heri.

Fizikia alijaza ndoo maji, akaizungusha juu ya kichwa chake kwa kamba. Darasa zima likashika pumzi. Nilikuwa upande wa nguvu ya uvutano kwa moyo wangu wote. Ikanisaliti! Hata tone halikumwagika. Wanafunzi wakashangilia, Mkuu akasimama akapiga makofi, na akaomba aizungushe yeye. Akaizungusha! Mtu mzima na tai yake, anacheka kama yuko kwenye pembea. Nilipiga makofi pia, kwa vidole viwili viwili.

Baadaye Fizikia alinifuata maabara, akanitakia kila la heri, akauliza kama nahitaji msaada wowote kesho. Huyu mtu ana hila. Hakuna mtu mwema hivyo bila sababu.

Mke wangu amefika kwenye neno IDARA.

Alhamisi, 6 Machi

Sijui nianze wapi. Nianze na kifuniko.

Mambo yalianza vizuri. Maabara inang'aa, wanafunzi wametulia, Mkuu kaketi nyuma na miguu kaikunja. Makundi mawili yalikuwa na soda nyeusi na ya ndimu, walizozifungua asubuhi na kuzikoroga zitoke gesi kama nilivyowaelekeza. Grafu zao zimechorwa, mistari imenyooka. Ya machungwa niliiweka mezani peke yake, imesimama kama bibi harusi. Nikamkaribisha Mkuu aje aifungue kwa mkono wake, kwa heshima.

Hakikufunguka. Alikipinda kifuniko kulia, kushoto, akakishika kwa leso, akakunja uso mpaka nikaogopa. Gundi ile ni ya kushikilia soli! Fizikia, ambaye hakualikwa, akaja na koleo akaeleza habari za wenzo kwa sentensi moja, akakipinda. Soda ikaruka. Mkuu akalowa tai. Wanafunzi wakaangua kicheko, na mimi nikacheka kidogo, cha adabu, huku kijasho chembamba kinanitoka.

Kwa kuwa muda ulikuwa unakimbia, kundi la mbele likamimina soda moja kwa moja kwenye silinda na kutumbukiza haidromita. Ikazama, halafu ikaanza kupanda. Ikapanda! Mapovu yaliishika pande zote yakaibeba juu juu, ikapita nyeusi, ikapita ya ndimu, ikapita mwisho wa grafu yetu. Yule wa kusoma kipimo akatangaza kwa sauti ya mwadhini kwamba ni zaidi ya gramu kumi na tano. Nilimwona Mkuu akimeza mate.

Gesi! Mapovu yanainyanyua haidromita, kipimo kinadanganya. Nalifundisha jambo hili kila mwaka! Na mimi kwa mkono wangu nilikuwa nimeiongezea gesi. Nikapiga kelele waitoe, waikoroge, waimimine kutoka kikombe cha maabara hadi kikombe. Wakaimimina weee mpaka ikalala. Wakapima tena. Haidromita ikazama taratibu, ikatulia kwenye sita.

Sita! Chini kuliko zote! Mkuu akatabasamu kwa meno yote. Alisema mbele ya darasa kwamba leo anakwenda kumwambia mtu fulani nyumbani kwake kwamba sayansi imeongea. Nilikiona kile kiti. Nilikiona kinazunguka.

Basi kuna msichana wa mstari wa pili tunayemwita Bi Kwanini, kwa sababu hana neno jingine kinywani. Akanyoosha mkono. Akauliza kwa nini lebo ya chupa imeandikwa kumi na mbili.

Mkuu akaichukua chupa, akavaa miwani, akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Nikangoja afurahi maradufu. Ala! Uso ulianza kubadilika kuanzia masikioni. Akasema kwa sauti ya chini kwamba kumbe miaka yote hii analipia kumi na mbili, anapewa sita. Kisha kwa sauti ya juu kwamba tumepunjwa! Taifa zima limepunjwa! Akatoa simu papo hapo, akapiga namba iliyo kwenye lebo, akawaambia watu wa kiwanda kwamba anayo maabara, anayo grafu, na anaye mwalimu.

Mwalimu ni mimi. Akanishika bega wakati akisema hivyo.

Wakati wa kutoka Bi Kwanini akaniuliza kwa nini vidole vyangu vina rangi ya machungwa. Nikamwambia nimekula karoti. Akauliza kwa nini karoti zipake vidole na si midomo. Nikamwambia kengele imelia.

Ijumaa, 7 Machi

Kiwanda kinamtuma mtaalamu wao wa ubora Jumatatu. Mungu wangu!

Asubuhi Mkuu ametangaza habari hii mbele ya shule nzima. Ameniita mtetezi wa wanyonge. Shule ikapiga makofi, walimu wakapiga makofi, Fizikia akanipigia mluzi. Ningefurahi kama ningekuwa mtu mwingine.

Mkuu amenunua kreti nzima ya soda ya machungwa kama ushahidi, na ameifungia ofisini. Hanywi. Amesema hataonja hata tone mpaka haki itendeke. Nasikia mkewe amefurahi sana.

Saa ya mapumziko nikamkuta Bi Kwanini maabara na wenzake watatu, wamenunua chupa yao wenyewe, wanaikoroga kwa bidii. Nikawaambia wapumzike, wakacheze, jua zuri. Wakakataa! Wanafunzi wamekataa kucheza kwa sababu ya kemia! Miaka yote nikiomba jambo hili litokee, limetokea wiki hii. Wakapima. Kumi na mbili kamili. Bi Kwanini akakunja paji la uso, akauliza kwa nini ile ya jana tu ndiyo yenye sita. Nikasema labda walikoroga sana sukari ikatoka. Walinitazama wote wanne. Niliona aibu, kusema kweli, kuambiwa kwa macho na watoto kwamba nimesema upuuzi, na upuuzi wenyewe ulikuwa upuuzi.

Maji yamenifika shingoni. Lakini bado naweza kuogelea. Ikiwa chupa moja ya sita ni ajabu, basi kreti nzima ya sita ni ukweli! Nimemwendea Mkuu, nikamshauri ushahidi ukae mahali pa baridi usije ukaharibika, na kwamba jikoni kwangu kuna baridi ya kutosha. Akaniona mtu makini. Akanisaidia kuibeba mpaka getini.

Jumamosi, 8 Machi

Kiwanda changu kilianza baada ya mke wangu kwenda kumpelekea mteja nguo. Mimina, jaza, tia rangi, paka gundi, funga. Mimina, jaza. Nilikuwa na mwendo mzuri, hata nikaimba.

Katikati ya kreti maji ya gesi yakaisha. Nikakimbilia dukani, mwenye duka akasema nimeshayamaliza, nimekuwa nikiyanunua wiki hii kama nina harusi. Nikarudi mikono mitupu. Sasa nina nusu kreti ya sita na nusu kreti ya kumi na mbili, na hilo ni baya kuliko kreti yoyote ya kitu chochote. Nikaanza kufikiri, na nilipokuwa nafikiri nilikuwa nimeshika chupa, na gundi haikungoja nimalize.

Mke wangu alinikuta nimeketi sakafuni, chupa imeganda kiganjani, rangi imenifika viwikoni, naipungia hewani kama niko mkutanoni. Akaweka mkoba chini. Akauliza kama hizi nazo ni kazi za mkuu wa idara.

Nikamwambia yote. Kiti, ulimi ulioteleza, Mkuu na matunda yake, sita na kumi na mbili. Nilimwambia kwamba nafasi sina, sijawahi kuwa nayo, na kwamba nimemwaibisha yeye na mama yake na mama mdogo yule wa dua. Nilikuwa nimeinamisha kichwa. Nilipoinua nikaona ameegemea mlango, mabega yanamtikisika, machozi yanamtoka. Alikuwa anacheka! Alicheka mpaka akaketi sakafuni na yeye, akashika mbavu, akasema baba watoto utaniua.

Kumbe alijua tangu Jumanne. Mke wa Mkuu ni mteja wake, alikuja kupima gauni akamweleza kwamba nafasi bado haina mtu. Akaniletea lile koti nilitazame kwa karibu. Herufi zote amezishikiza tu kwa uzi mwepesi. Ukivuta ncha moja, zinatoka zote.

Alinipaka mafuta ya kupikia kiganjani, akaibandua chupa pole pole, huku akinisihi Jumatatu niseme ukweli, niseme mapema, niseme kabla ya huyo mtaalamu kuvua kofia. Nikamwahidi. Nilimwahidi kutoka moyoni kabisa, na moyo ukawa mwepesi. Nampenda sana mwanamke huyu.

Jumapili, 9 Machi

Nilizunguka maduka yote ya jirani kutafuta soda ya machungwa nijazie kreti iwe kama ilivyokuwa. Hakuna. Habari ya kupunjwa imeenea mtaani, watu wamenunua zote wakapime wenyewe. Kijana wa duka la kona ananiuliza haidromita inauzwa wapi.

Nimefanya mazoezi ya kusema ukweli mbele ya kioo. Nasema vizuri. Uso unatulia, sauti ina majuto kiasi. Niko tayari.

Jumatatu, 10 Machi

Mtaalamu wa ubora ni mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa. Ameingia maabara, amesalimia kila mtu kwa mkono, wanafunzi nao. Alipofika kwangu alitazama vidole vyangu, kisha akanitazama usoni, kisha akaenda zake. Mkuu alikuwa amevaa suti. Fizikia alikuja na koleo lake.

Nilisimama niseme ukweli. Naapa nilisimama. Mkuu akadhani nataka kumkaribisha mgeni, akaanza kunisifu upya: mtetezi, mwanasayansi, nguzo ya shule. Alipomaliza, ukweli ulikuwa umerudi ndani. Nikaketi.

Mtaalamu akatoa kifaa kidogo kama darubini ya mtoto. Unadondosha tone moja juu ya kioo chake, unachungulia, unaiona sukari imejiandika. Kizuri mno! Alifungua chupa ya kwanza: kumi na mbili. Ya pili: kumi na mbili. Mkuu akaanza kuhema. Ya tatu haikufunguka. Fizikia akaja na koleo. Sita! Mkuu akaruka. Ya nne sita, ya tano kumi na mbili, ya sita haikufunguka. Mtaalamu akainusa. Akasema kwa utulivu kwamba amefanya kazi kiwandani miaka mingi, wanatumia vitu vingi pale, lakini gundi ya viatu hawajawahi kuitumia.

Bi Kwanini akanyoosha mkono.

Alisimama na grafu yake. Akaeleza kwamba chupa yao walipima kumi na mbili, na walipochanganya soda hiyo na maji nusu kwa nusu, wakapata sita kamili. Kwa hiyo hizi zenye sita si za kupunjwa, zimechanganywa. Kisha kwamba ile ya Alhamisi iliruka sana na haidromita ikapanda kupita kiasi, kwa hiyo si maji tu, ni maji ya gesi. Kisha kwamba sasa hivi wamedondosha tone la kila chupa iliyofunguliwa kwenye karatasi nyeupe, na hizi za gundi zina rangi mbili, moja inakimbia mbele ya nyingine, kwa hiyo mtu ameongeza rangi. Hakubahatisha hata mara moja! Alikwenda hatua kwa hatua, akionyesha kwa kidole, bila kutetemeka. Nilisahau kabisa kwamba anayesakwa ni mimi. Nilisikia fahari. Msichana huyu mwaka jana alikuwa analala kwenye kipindi changu!

Halafu akasema kwamba aliyefanya hivyo bila shaka ana rangi vidoleni. Na akauliza kwa nini mikono ya Mwalimu iko mfukoni.

Darasa zima likageuka. Mtaalamu akageuka. Mkuu akageuka pole pole sana. Nikafungua mdomo niseme ukweli, na nilisikia sauti yangu ikisema hongera. Hongera sana! Ikaendelea yenyewe: kwamba ule ulikuwa mtihani wa siri, kwamba mwanasayansi halisi haamini hata chupa ya mwalimu wake, na kwamba nilikuwa nangoja siku nyingi aje mtu wa kunigundua. Nikatoa mikono mfukoni, nikaionyesha juu, ya machungwa mpaka viwikoni, kama mshindi.

Mtaalamu aliangua kicheko. Wanafunzi wakalipuka kwa makofi, wakambeba Bi Kwanini juu juu. Mkuu akaenda kwenye kreti, akachagua chupa ya kumi na mbili, akainywa yote akiwa amesimama. Mtaalamu amelialika darasa zima kiwandani. Amesema Bi Kwanini akimaliza shule aje kumwona.

Nimemwambia mke wangu kwamba ukweli ulitoka. Akauliza ulitoka kinywani mwa nani. Nikamwambia jambo la muhimu ni kwamba ulitoka.

Jumanne, 11 Machi

Mkuu ameniita ofisini. Pazia lilikuwa wazi.

Anajua yote. Mke wangu alimwambia mkewe, mkewe akamwambia yeye Jumamosi hiyo hiyo, kabla hata mafuta hayajanikauka kiganjani. Amesema alicheka mpaka mkewe akamletea maji. Jana kuhema na kuruka kwake kulikuwa maigizo, alikuwa anangoja aone nitasema nini, na hakuwahi kufikiria kwamba nitasema hongera. Akaniuliza nimejifunza nini. Nikaweka mkono kifuani, nikasema uaminifu. Ilitoka vizuri sana, kwa majuto ya kiasi.

Fizikia ndiye atakayekaimu nafasi mpaka mwisho wa muhula. Hivyo tu. Iliniuma, sitaki kuficha. Lakini Mkuu akaendelea kusema kwamba tangu aanze kazi hajaona wanafunzi wakikataa mapumziko, na kwamba soda ilikuwa ya uongo ila darasa lilikuwa la kweli. Amenipa klabu ya sayansi niiongoze, na safari ya kiwandani. Wanafunzi waliposikia walinifuata mpaka getini wakiimba. Bi Kwanini alinishika mkono akauliza kwa nini nina machozi. Nikamwambia ni gesi.

Mke wangu amevuta uzi, herufi zote zikatoka kwa mara moja. Koti limenikaa vizuri. Mama mkwe ameambiwa nimepandishwa cheo hadi safari.

Sasa. Fizikia anakaimu, maana yake hajathibitishwa. Mkuu atamtazama tena Alhamisi, akifundisha maji yanavyochemka. Leo mchana nikamwendea kwa roho safi, nikampa hongera, nikamkopesha kipimajoto changu mwenyewe. Kipimajoto kizuri. Kinazidisha digrii kadhaa tu, nimekihifadhi miaka bila kujua kazi yake. Maji yake yatapita digrii mia kabla ya kuchemka! Alinishukuru mpaka akanikumbatia.

Nimeandika hapo juu nikiwa nacheka peke yangu. Sasa hivi Fizikia amenitumia ujumbe. Ofisi mpya ina kazi nyingi, Mkuu amemwahirishia kutazamwa, na kipindi cha Alhamisi anaomba nimshikie mimi. Wazazi wamealikwa. Mtaalamu wa kiwanda naye anakuja, amelipenda darasa letu. Kipimajoto amenirudishia mezani kwangu, na vingine vyote amevipeleka kukaguliwa.

Hakuna neno. Maji yakifika mia na tano bila kuchemka, nitasema ni kwa sababu ya hali ya hewa ya siku hiyo. Wazazi hawatauliza. Mtaalamu nitamkalisha mbali na meza. Bi Kwanini nitamtuma chaki.